Mgeni wa Mguu wa Kushoto

Magoti yangu si pacha tena.
La kulia lilizaliwa nami Shinyalu, mwaka ule wa mafuriko,
la kushoto lina miezi kumi na mmoja,
lilikuja ndani ya boksi, na namba yake ubavuni,
kama friji.

Nilimuuliza nesi: Lile la zamani mmelipeleka wapi?
Akacheka, akaendelea kufunga bandeji.
Nami sikuwa natania.
Goti lile lilipanda na mtungi kutoka mtoni,
lilizunguka uwanja wa Afraha kwa viatu vya kuazima
siku Posta tulipowashinda Reli kwa mita mbili,
liligonga saruji usiku ule Lumwachi wangu alipokata roho.
Kitu kama hicho huteketezwi pamoja na pamba.

Daktari Onderi alisema: Tembea. Ogelea. Endesha baiskeli.
Neno kukimbia akalitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja deni la marehemu matangani.
Vyuma hivi vina umri, mama. Navyo huisha.
Nikamjibu: Hata mfupa uliisha, daktari,
na huo nilipewa bure.

Wiki ya sita, Chelang'at ananisimamisha kwa mguu mmoja.
Hesabu hadi thelathini.
Korongo wa ziwani hufanya hivi mchana kutwa
na hakuna anayemdai karatasi za bima.
Nashika ukingo wa meza. Jasho. Kumi na tisa.
Goti linagota kwa ndani, ta,
kama mlango wa nyumba ya jirani
unaofungwa na mtu usiyemjua.

Kanisani wote wanapiga magoti, mimi nimesimama.
Hili halijui kupigwa.
Watoto wanageuka kunikodolea macho.
Miaka sitini nimesali nikitazama sakafu;
leo nasali wima, na sijui niangalie wapi.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu nimemlea kama bwana harusi:
barafu, mto laini, mafuta ya nazi kwenye kovu,
asilowe, asichoke, asipande ngazi mbili kwa mpigo.
Basi Jumanne hii, kabla ya adhana kuisha,
Kiamunyi ikiwa giza, Menengai imejitanda ukungu hadi mabegani,
nilifunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.
Sikumwambia mtu.
Nikampa jembe lake.

Kutoka nguzo ya stima yenye namba iliyofutika
hadi kibanda cha Wamaitha:
labda mita sitini.
Si mbio. Niseme kweli, si mbio.
Mguu wa kulia unatangulia kwa kiburi cha mwenyeji,
wa kushoto unauliza kila hatua: Hapa? Hapa?
Hapa, nauambia. Na hapa pia.
Mtoto mwenye sare za shule, begi pana kuliko mgongo,
ananipita.
Anatembea.
Pole, shosho, ananiambia, bila kupunguza mwendo.

Kisha, baina ya shimo la maji na mtaro ulioziba,
hatua nne hivi, tano nikijipendelea,
nyayo zote mbili ziliiacha ardhi kwa pamoja.
Nilijua kwa ule ukimya.
Vumbi halikulalamika,
mlango wa jirani haukufungwa,
na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho
sikuweza kusema lipi lilizaliwa Shinyalu
na lipi lilitoka kwenye boksi.

Nikalishika bati la kibanda, baridi, nikahema.
Shati limenigandama. Kovu linawaka.
Wamaitha akasukuma dirisha, unga hadi viwikoni,
akanitazama mimi, akatazama barabara:
Mama, ni nani anakukimbiza saa hizi?

Nami nikageuka kutazama,
kana kwamba kweli yupo.